Ng'ombe wa Mwezi Mchanga

Mikumi, 29 Januari 2024

Mwanangu Imelda,

Salamu nyingi kutoka hapa barabarani. Tu wazima wote isipokuwa jiko la pili, ambalo limepasuka. Wateja wapo, malori ya miwa kutoka Kidodi yameanza tena kusimama kwetu, na Sesilia anapika wali mzuri kuliko wangu, jambo ambalo sijamwambia. Ukienda Rudewa Jumapili msalimie kaka yangu, umwambie baba yako huyo apunguze chumvi.

Ukiona nimeandika barua wakati nina simu, ujue kuna jambo. Simu yangu spika ya sikioni imekufa, imebaki ile ya nje, na madereva wakila wanachangia mazungumzo. Juzi nilikuwa nampa pole mgonjwa, dereva mmoja akamtajia dawa kabla sijamaliza. Kwa hiyo barua hii anakuletea Yusrah, muuza vitenge, ambaye huja mnada wa Kilosa na hajui kukaa na siri lakini pia hapendi kusoma.

Jambo lenyewe ni hili. Zimekuja posa mbili kwa ajili ya binti yangu Sesilia. Moja ni ya Jastin, mtoto wa mzee Bundala wa huko huko Rudewa. Ya pili ni ya kijana anaitwa Yohana, wa Magole. Wote wanasema wana ng'ombe. Sijawahi kupokea posa ya mtu aliyesema hana. Bundala chapa yake ni mwezi mchanga, Yohana chapa yake ni vitone vitatu. Wewe umekaa mbele ya kompyuta yenye chapa za wafugaji wote wa ushirika. Niangalizie, kisha niambie nani ana nini.

Sesilia sijamuuliza anamtaka nani. Nimeona anavyogawa nyama kwenye sahani.

Shangazi yako,
Bernadetha

*

Kilosa, 6 Februari 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nyumba niliyopanga haivuji sana, na Baba amesema chumvi ameipunguza, ingawa nilimwona. Pole kwa jiko.

Barua yako niliisoma chooni. Nikaichana, halafu nikaviogopa vipande, nikarudi navyo nyumbani ndani ya soksi. Naomba uelewe kwamba katika ofisi yetu hairuhusiwi kutafuta chapa ya mtu bila maombi ya maandishi, na kwamba kila unachotafuta kinahifadhiwa pamoja na jina lako na saa. Nina miezi mitano tu kazini. Mkuu wetu huvaa viatu vya mpira na hasikiki akija.

Hata hivyo wewe ndiye uliyenilipia chuo, kwa hiyo nimeangalia.

Nikueleze kwanza jinsi chapa zinavyoandikwa. Kwenye kibodi hakuna mwezi. Karani aliyenitangulia alitafuta alama inayofanana, akatumia mabano ya kufungua, ambayo kweli yamepinda kama mwezi mchanga. Chapa ya nyota akaweka kinyota, vitone akaweka vitone. Ni utaratibu mzuri na mimi nimeufuata.

Chapa ya mzee Bundala: kompyuta inasema hakuna kumbukumbu. Nimerudia mara tatu.

Chapa ya Yohana: ng'ombe elfu nne mia tatu na kumi na sita. Hii pia nimerudia.

Naandika kilichoonekana. Kazi yangu ni kuandika kilichoonekana. Tafadhali uichome barua hii.

Mwanao,
Imelda

*

Mikumi, 15 Februari 2024

Mwanangu Imelda,

Marahaba. Barua nimeichoma kwenye jiko lililopasuka. Jiko jipya linakuja kutoka Morogoro, fundi anasema kesho tangu Jumatatu.

Nimekaa na hesabu yako siku kadhaa. Elfu nne. Yule kijana alikunywa chai kwangu akaomba sukari ipunguzwe. Alikuja na malapa. Nilimuuliza ng'ombe wanalala wapi, akasema "pale nyuma." Nikasema moyoni huyu ni mtu asiyejikweza. Sielewi majani ya Magole yanatosha vipi, lakini wewe ndiye uliyesoma.

Bundala nilimwita. Nikamwambia, kwa heshima, "Mzee, hapa sisi tunatafuta watu wenye mali ya kuonekana." Akaniuliza, "Nani amesema mimi sina?" Nikamwambia ni habari tu imenifikia. Akasema, "Basi siku utakaponitajia jina la huyo mtu, ndiyo siku nitakayokanyaga tena hapa." Akavaa kofia yake akaondoka, na mwanawe nyuma yake. Jastin alisahau simu mezani, Sesilia akaikimbiza mpaka kituo cha mabasi. Alikaa huko muda mrefu kuliko urefu wa barabara.

Jina sikumtajia, wala sitamtajia.

Sesilia ni mzima. Anaosha sahani ambazo hazijachafuka.

Shangazi yako,
Bernadetha

*

Kilosa, 11 Machi 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mvua huku imeanza kabla ya wakati na mto Mkondoa umejaa. Baba ni mzima. Mimi silali vizuri.

Jumapili ya jana nilikwenda Rudewa. Karibu na mashamba ya zamani ya mkonge tukasimamishwa na ng'ombe waliokuwa wanavuka. Walivuka kwa muda mrefu, mpaka dereva akazima bodaboda. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya niliwaangalia mapaja. Kila mmoja alikuwa na mwezi mchanga. Nyuma yao alikuja mzee Bundala na fimbo, nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza hali ya baba yangu. Nikamjibu nzuri.

Leo asubuhi nimemtafuta tena. Hakuna kumbukumbu.

Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Februari. Nikatafuta chapa ya Baba. Chapa yetu ni nyota, unaijua. Hakuna kumbukumbu. Shangazi, kwa mujibu wa kompyuta baba yangu hana ng'ombe hata mmoja, na mimi nimekua nikiwakamua, najua yupi anapiga teke.

Ndipo nikakumbuka kitu tulichofundishwa chuoni kwa dakika chache, mwalimu akiwa na haraka. Sanduku la kutafutia la programu yetu halisomi kila alama kama alama. Nyingine linazichukua kama amri. Kitone kwake maana yake ni herufi yoyote ile. Ukiandika vitone vitatu unaiambia: niletee kila penye herufi zozote tatu. Hakuna ng'ombe kwenye rejista asiye na herufi tatu, basi inawaleta wote. Ng'ombe elfu nne ni wa ushirika mzima. Baba yumo humo, na Bundala yumo humo.

Kinyota kwake ni amri ya kurudia kilichotangulia, na kama hakijatangulia kitu inakwama. Mabano ya kufungua ni mlango uliofunguliwa. Inasubiri ufungwe, usipofungwa inashindwa kazi. Na ikishindwa haisemi imeshindwa. Inasema hakuna kumbukumbu.

Dawa yake ni ndogo. Kuna mkwaju, kile kistari kilicholalia nyuma kwenye kibodi, ambao sijawahi kuugusa. Ukiuweka mbele ya alama, unaiambia kompyuta: hii usiitii, isome tu. Nimeuweka. Baba amerudi na ng'ombe wake wote.

Mzee Bundala ana ng'ombe mia moja na arobaini.

Yohana ana tisa.

Tafadhali usimpokee Yohana kabla hujasoma hii. Naona sentensi hiyo haina maana, lakini naiacha.

Mwanao,
Imelda

*

Mikumi, 20 Machi 2024

Mwanangu Imelda,

Umenyamaza, natumaini ni kazi na si malaria. Yusrah alikwenda kwenu wiki iliyopita hajarudi. Wanasema barabara imekatika mahali na yuko kwa dada yake anauza vitenge huko huko.

Nakuarifu kwamba nimemkubali Yohana. Mahari italetwa mvua ikipungua. Nimemwachia aseme mwenyewe idadi, kwa sababu mtu mwenye elfu nne hapangiwi. Alisema "tutajitahidi." Nimependa jibu hilo.

Huenda nilimtajia mtu mmoja au wawili ile hesabu. Sasa Yohana akipita hapa Mikumi watu wazima wanamwamkia. Juzi mwenye duka la mbolea alimpa kiti na soda, akamwonyesha binti yake wa mwisho, ambaye yuko kidato cha pili. Yohana alikunywa soda akiangalia mlango.

Sesilia amekubali. Alisema, "Sawa, Mama." Aliposema hivyo alikuwa anakatakata vitunguu, kwa hiyo siwezi kujua.

Barua hii nampa dereva wa miwa anayezungukia Morogoro.

Shangazi yako,
Bernadetha

*

Kilosa, 2 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Huku ni maji tu. Kanisani tulisimama juu ya mabenchi.

Barua yako imefika, yangu naona haikufika. Yusrah anayo mpaka leo, ameifungia ndani ya kitenge ili isilowane na anasema kitenge chenyewe ameshakiuza, ila mnunuzi anamfahamu.

Nilikupigia simu Ijumaa Kuu. Ulisema, "Ongea, mwanangu," nikasikia kijiko kimeanguka kwenye sahani, na sauti ya mwanaume ikasema, "Ongea tu, dada, usiogope." Ndiyo maana nilikuuliza hali ya jiko nikakata.

Sasa naandika kwa kifupi, nampa dereva yule yule. Kompyuta ilikosea. Bundala anao, wengi. Yohana ana tisa. Maelezo yako kwenye kitenge.

Yohana alikuja ofisini wiki iliyopita. Alisimama kaunta, kofia mkononi, akaniuliza, "Samahani, dada, kuna kitu chochote kimeandikwa huku juu yangu?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Watu wananiamkia. Mzee mmoja mwenye mvi kaniamkia shikamoo, nikakimbia." Nikamwambia kumbukumbu zake ziko sawa. Ziko sawa kweli. Ni tisa.

Mkuu alikuwa nyuma yangu, sikumsikia. Alimkaribisha Yohana ofisini kwake, akamwagizia chai.

Mwanao,
Imelda

*

Mikumi, 9 Mei 2024

Imelda,

Marahaba. Barabara imefunguka. Barua zako mbili zimefika siku moja, moja ikinuka mafuta ya lori na nyingine ikiwa na rangi ya kitenge, ya bluu.

Tisa.

Nilimwita Yohana nikamwambia kulikuwa na kosa la hesabu, na kwamba simlaumu. Aliniuliza, "Kwa hiyo, mama, hamtaki ng'ombe wote mliokuwa mnawasema?" Nikamwambia hatutaki. Alishukuru kuliko nilivyotegemea. Alikuwa ameshaanza kukopa ng'ombe kwa watu. Ni kijana mwaminifu na sasa hivi namheshimu kuliko nilipodhani ana elfu nne.

Kwa Bundala nimetuma watu mara mbili. Wanarudi na jibu lile lile: jina. Jastin naye kimya, baba yake amemkataza. Wanasema kuna familia ya Magole inamwangalia Jastin kwa binti yao, na mazungumzo ni mwezi ujao.

Jina sitalitoa. Wewe ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata kazi yenye kiti kinachozunguka. Sesilia anajua yote sasa, nimemsomea barua zako. Alisema, "Imelda asiguswe." Kisha akaenda kulala saa kumi jioni.

Kwa hiyo usifanye kitu. Nakuandikia ili ujue tu.

Shangazi yako,
Bernadetha

*

Kilosa, 27 Mei 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefanya kitu.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaisahihisha mara nyingi mpaka ikawa nzuri, kisha nikaona siyo inayohitajika. Nikaandika nyingine, ya ukurasa mmoja, kwa Mkuu. Nilieleza kwamba programu yetu haioni chapa zenye alama fulani na inazidisha nyingine. Nikaeleza dawa. Na kwenye aya ya mwisho nikaeleza nilivyogundua: kwamba nilitafuta chapa za watu wawili bila maombi, kwa ajili ya posa ya binti wa shangazi yangu, na majibu niliyotoa yalikuwa ya uongo bila mimi kujua.

Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Mabano ya kufungua."

Nikasema, "Ndiyo, Mkuu."

"Na vitone vitatu?"

"Vinaleta rejista yote, Mkuu."

Akakaa. Akauliza, "Kwa hiyo yule kijana wa Magole..."

"Tisa, Mkuu."

Akaitwa Tumwagile, fundi aliyetengeneza programu, kutoka Morogoro. Ni dada mpole mwenye begi kubwa. Alisikiliza, akasema, "Aaa," akafungua kompyuta, akabadilisha mstari mmoja. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Alisema sasa chochote kitakachoandikwa kwenye sanduku kitasomwa kama kilivyo, hakuna alama itakayotiiwa.

Kisha Mkuu akamwambia atoe orodha ya waliotafuta vitone vitatu tangu Januari, ili aniandalie mashtaka. Tumwagile akatafuta. Jina langu lilitokea papo hapo; halina alama yoyote ya kulizuia. Chini yake lilitokea jina la Mkuu, tarehe ya ile chai. Chini yake jina la Mkuu tena, siku ya pili. Nafikiri naye alikuwa anarudia ili kuhakikisha. Ana mabinti wawili.

Mkuu akamuuliza Tumwagile, "Hizi zinafutika?" Tumwagile akasema, "Hapana, nilizitengeneza zisifutike, uliagiza mwenyewe."

Nimepewa onyo la mdomo. Alilitoa akiangalia dirisha.

Kwa hiyo kiti bado ninacho, na sasa unaweza kutaja jina. Naomba ulitaje. Ukichelewa nitamwandikia mzee Bundala mwenyewe, na unajua barua zangu zinavyofika.

Mwanao,
Imelda

*

Mikumi, 8 Juni 2024

Imelda,

Nimetaja. Nilikwenda Rudewa mwenyewe, nikalala kwa baba yako, ambaye bado anaweka chumvi.

Bundala alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu juu yako. Alisema ng'ombe wa kwanza watakuja kabla ya mwezi kuisha, na kwamba cheti cha chapa cha kuwasafirishia atakifuata ofisini kwenu yeye mwenyewe, hatatuma mtu.

Sijui maana yake. Vaa vizuri.

Shangazi yako,
Bernadetha

*

Kilosa, 25 Juni 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Amekuja.

Lori lilisimama nje saa tatu asubuhi, ng'ombe wakiwa juu. Mzee Bundala akaingia peke yake, Jastin akabaki na ng'ombe. Nikasimama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti wa Masunga. Nataka cheti." Akaweka maombi ya maandishi kaunta. Yalikuwa na sahihi na tarehe, hayakukosa kitu.

Nikakaa. Nikaandika mkwaju uliolalia nyuma, halafu mabano ya kufungua, kama vidole vyangu vilivyozoea tangu Machi. Nikabonyeza.

Hakuna kumbukumbu.

Yeye kutoka upande wake haoni kioo, lakini alikuwa ananiona mimi. Akaegemea kaunta.

"Leo pia sina?"

Nikamwambia, "Mzee, kumbe unajua ni mimi tangu siku zile?"

"Nilijua siku ile ile. Mama Sesilia angepata wapi habari za ng'ombe wangu? Ana mtu mmoja tu mwenye kompyuta. Siku ya bodaboda nilikuuliza hali ya baba yako, ukajibu kama mtu anayehojiwa polisi. Nilikuwa nasubiri tu mtu aniambie. Sasa, ninao au sina?"

Nikaangalia kioo. Kioo kilisema hakuna. Nikaangalia nje, dirishani, ng'ombe mmoja ametoa kichwa juu ya ubavu wa lori.

Nilitoka. Sikumwomba Mkuu ruhusa, nilimpita mlangoni na viatu vyake vya mpira. Nikapanda gurudumu la lori, Jastin akanishika mkono nisianguke, nikaweka kiganja kwenye paja la ng'ombe wa kwanza. Kovu lilikuwa pale, limepinda, gumu kama kamba. Nikagusa wa pili na wa tatu. Nikashuka.

"Unao, mzee," nikasema.

"Asante," akasema.

Niliporudi kukaa ndipo nilipoelewa. Tumwagile ametengeneza sanduku lisome kila kitu kama kilivyo. Kwa hiyo mkwaju wangu nao ulisomwa kama ulivyo, na hakuna ng'ombe Kilosa mwenye chapa ya mkwaju. Nikaufuta, nikaacha mabano peke yake, wakaja wote. Nikachapa cheti, nikagonga muhuri. Mikono ilikuwa imechafuka kinyesi cha ng'ombe na muhuri una alama ya kidole, lakini unasomeka.

Mwanao,
Imelda

*

Mikumi, 2 Julai 2024

Mwanangu Imelda,

Marahaba. Jiko jipya limefika, linawaka upande mmoja. Harusi ni Septemba, utasimama na Sesilia, usiseme una kazi. Yohana ataleta maji na soda, amejitolea mwenyewe. Amenunua viatu. Aliniuliza kama ofisi yenu hufunguliwa Jumamosi. Nimemwambia aulize ofisini.

Watu watatu hapa wenye mabinti wameniomba anwani yako. Sijawapa.

Ng'ombe walishushwa Jumanne ile ile jioni. Nilisimama langoni na cheti chako mkononi, na Bundala amesimama upande wa pili, tukawapitisha mmoja mmoja, mimi naangalia mapaja. Miezi yote ilikuwa inaonekana vizuri. Wa mwisho, mweupe mwenye pembe moja iliyopinda chini, chapa yake imefutika. Nadhani alijikuna kwenye mti akiwa ndama. Haionekani kama mwezi wala kama kitu kingine.

Bundala akasema, "Huyo naye ni wa kwangu."

Sesilia alikuwa ananiangalia kutoka jikoni. Nikakunja cheti nikakiweka mfukoni, nikamfungulia lango apite.

Shangazi yako,
Bernadetha